Kishimo cha Tuncay na Kalimati za Mtaa Mzima

Jumatatu, 7 Oktoba
Kimerudi! Kishimo cha mwanangu Tuncay kimerudi, palepale kwenye kifandugu, makalio yanapogawanyika. Nywele zimejichimbia tena ndani ya ngozi, usaha unatoka. Miezi saba tu tangu wamkate. Dereva wa basi la Izmir hadi Ankara, hajawahi kukwaruza hata kioo, sasa anaendesha kakaa upande kama bibi harusi juu ya punda. Mwenye mabasi atamshikia nafasi yake ya usukani mpaka mwisho wa Novemba. Zaidi ya hapo, hapana.

Jumatano, 9 Oktoba
Wamempasua. Saa nzima na nusu! Safari hii wamekata pana, wakageuza kipande cha nyama ya pembeni kuziba pengo. Daktari Nilüfer amesema moyo wake ni wa farasi. Nilijua. Asikae kwa wiki tatu: alale kifudifudi au asimame. Kikipona, nywele za hapo zinyolewe kila mara. Akauliza, baada ya upasuaji wa kwanza, ni nani alimkalisha mapema. Nikatazama dirisha. Mwezi Machi nilimkalisha kwa muda wa saa nne apokee wageni. Tuncay hakunitaja. Mtoto wa kujivunia.

Ijumaa, 11 Oktoba
Amelala kifudifudi kwenye kochi, kama alipokuwa na miezi mitano. Perihan wa ghorofa ya chini kaniuliza kwenye ngazi kapasuliwa nini. Nikasema uti wa mgongo. Ningesemaje? Mwanawe alitolewa mafindofindo tu, akatangaza kama katoka vitani. Nikaongeza kwamba Jumapili nakaanga kalimati za nadhiri, mtaa mzima uje. Nina mpango: Tuncay abaki kochini, watu wampungie mkono kutoka mlangoni.
Aliomba tusiite mtu. Nikamkumbusha baba yake alilala hospitali siku kumi na tisa mpaka akafa. Waliokuja kumwona ni watatu, mmoja alikosea chumba.

Jumapili, 13 Oktoba
Foleni ya kalimati mpaka duka la dawa! Yote sawa, mpaka Perihan akaingia na kiti cha mbao cha kaka yake, mgongo umenyooka kama rula. Eti mgonjwa wa uti lazima akae wima, kulala kutamlemaza. Nyuma yake mzee Rüknettin, rafiki wa marehemu mume wangu, miaka themanini na mbili. Nani analala mbele ya mzee kama huyo, nyayo zimemwelekea? Tuncay akainuka, akambusu mkono, akauweka kwenye paji la uso wake kwa heshima. Kisha akanitazama.
Nilitakiwa kusema neno moja tu. Makalio. Sebule imejaa watu.
"Kaa, mwanangu," nikasema.
Alikaa saa mbili na nusu. Anatabasamu, jasho linamtiririka. Wageni wakasifu adabu yake.

Jumanne, 15 Oktoba
Nyuzi zimeachia. Daktari Nilüfer hakufoka; afadhali angefoka. Kidonda kitaachwa wazi kijae polepole kutoka chini, kisafishwe kila siku, labda wiki nane. Usukani wa Novemba umekwenda.
Nje Tuncay akaniambia, "Mama, ungesema tu ni makalio."
Nililia pale kituo cha tramu. Yeye mwenye kidonda ndiye aliyesimama kunibembeleza.

Alhamisi, 17 Oktoba
Nimefikiri sana, na kosa nimeliona. Ni kile kiti. Nimekirudisha, na Perihan nimemwambia ukweli. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaueleza mtaa mzima. Sasa wote wanataka kutoa pole upya, maana ile ya kwanza ilikuwa ya uti. Naanzaje kuwanyima? Mzee Rüknettin karidhia Tuncay alale kifudifudi mbele yake, mradi avae soksi safi. Mwenye mabasi nimemwalika pia. Akiona umati ule, atajua dereva gani anataka kumwacha. Tuncay bado sijamwambia. Atakaa dakika tano tu, za picha. Kalimati safari hii zina ufuta, na wote wanakuja Jumapili, baada ya adhuhuri.