Tuhuma za Kumchapa Farasi Aliyekufa

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe pamoja na goti lako. Mimi ni fundi wa mashine ya fotokopi, chumba cha chini ya ngazi, mwaka wa kumi na nne sasa. Naandika kwa heshima zote kukulalamikia wewe mwenyewe.

Jumanne asubuhi nilikuwa nimelala chali chini ya mashine, bisibisi mdomoni, ulipopita na wageni ukasema kwa Kiingereza jambo lililowachekesha wote. Nilimwuliza katibu muhtasi. Akajibu, "Amesema unamchapa farasi aliyekufa."

Malalamiko yangu ni haya:

1. Sina mjeledi. Nina bisibisi tatu, brashi na kitambaa.

2. Katibu muhtasi alinifafanulia kwamba Waingereza husema hivyo mtu akihangaikia jambo lililokwisha. Sawa. Lakini sisi hapo hutwanga maji kinuni, na hakuna mnyama anayeumia. Kwa nini hukunipa kinu?

3. Dereva alimsimulia mke wangu nusu ya habari. Jioni mama mkwe akapiga simu: "Mwanangu, farasi wa watu umemuulia nini?" Nikamweleza kuwa ni msemo tu. Akasema, "Msemo haufi." Tangu hapo mashemeji wananisalimia kwa mbali.

4. Mashine haijafa. Ukiigusa ina joto. Jana ilikohoa mara mbili ikatoa nusu ukurasa, tena inayosomeka. Maiti gani hutoa nusu ukurasa?

5. Nasikia mpya imeagizwa, na eti haihitaji fundi. Hapo ndipo penye kidonda, Ndugu Meneja. Hayo mengine nilikuwa najipa moyo. Farasi akizikwa, mimi nazikwa naye.

Kwa hiyo naomba kauli ifutwe mbele ya wageni walewale, mama mkwe aandikiwe barua yenye mhuri, na mashine ipewe miezi mitatu.

Nisalimie wahasibu, mama wa chai, mlinzi wa lango la nyuma, na dereva pia, ingawa hastahili.

Wako mtiifu, mwenye wino hadi viwikoni,
Fundi

N.B. Niwie radhi kwa mwandiko. Nilitaka kuambatisha nakala tatu kutoka mashine hiyohiyo ziwe ushahidi. Imezitafuna zote, pamoja na barua ya kwanza na kifungo cha shati langu. Mpya ikifika, iwekwe karibu na dirisha. Kitabu chake cha maelekezo, kilichotangulia kufika, nimekiazima kwa katibu muhtasi, nimefika ukurasa wa arobaini, na fundi itamhitaji sana.