Gari la Baba Limepona Kabisa

Jumatatu, 4 Machi

Mama amekubali! Miaka tisa hajakanyaga kwa mdogo wake, tangu wagombanie cherehani ya marehemu bibi. Leo baada ya chai akasema Jumamosi atakwenda kupatana naye. Sharti moja tu: apelekwe na gari la marehemu baba. Aliondoka pale kwa hasira akiwa kwenye kiti cha mbele cha gari hilo, na atarudi akiwa kwenye kiti hicho hicho. Nikasema hewala. Gari lile linanizidi umri kwa miaka miwili na nalitunza mimi, kwa mikono yangu.

Shemeji, kaka wa mke wangu, alijitolea kumpeleka kwa kigari chake cha kubebea mboga. Mama yangu anuke vitunguu siku ya kupatana! Nilimwambia asijisumbue.

Mchana nimelikagua. Kwenye kifuniko cha tangi la petroli nimekuta kitundu, chembamba hata jicho hukikosa. Kumbe petroli inapotelea hapa miaka yote! Nimekiziba kwa gundi. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mwangalifu lakini hili lilimpita.

Jumanne, 5 Machi

Limezima. Robo saa kutoka nyumbani, mbele ya kinyozi, watu wamejaa. Likakohoa, likajivuta, kimya. Nikangoja nusu saa, likawaka, likafika kona ya pili, likazima tena. Kinyozi akatoka na kusema ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Mteja wake, nusu kichwa kimenyolewa, naye akasema kabureta. Nami nilikuwa nimeshafikia hapo, ila sikutaka kujionyesha.

Akapita fundi, yule aliyelihudumia tangu enzi za baba. Akauliza swali analomuuliza kila mtu: kabla halijaanza kusumbua, uligusa nini? Nikasema sijagusa kitu. Kuziba si kugusa. Akaomba alitazame, nikasema nitaliweza. Fundi huyu hunywa chai na shemeji kila jioni. Siri yako ikiingia sikio lake, shemeji anayo kabla kikombe hakijapoa.

Jumatano, 6 Machi

Kabureta iko juu ya meza ya jikoni. Ndani petroli ilikuwa kidogo mno. Basi, imeziba! Ina vijitundu vya shaba vya kupitishia petroli, vyembamba kweli. Nimevisugua kwa sindano ya mke wangu, nikazungusha, nikazungusha tena, mpaka sindano ikawa inapita bila kugusa ukingo. Usafi wa namna hiyo hakuna gereji inayoutoa.

Mke akauliza chakula kitaandaliwa wapi. Akauliza pia kwa nini simwiti fundi, na akanikumbusha kwamba mficha uchi hazai. Nikamwambia tayari tuna watoto watatu.

Nimeirudisha mahali pake. Imebaki skrubu moja na springi moja. Nimeviweka mfukoni, huenda vilikuwa vya akiba.

Alhamisi, 7 Machi

Ushindi! Nimefungua tangi, nimejaza petroli, nikalizungusha mtaani dakika kumi. Halikuzima hata mara moja. Moshi mweusi kiasi, na macho yanawasha, lakini nguvu! Nilimpita shemeji na kumpigia honi. Alikuwa ameegesha, lakini nilimpita.

Nimemwambia mama gari limepona kabisa. Akauliza, kweli mwanangu? Nikasema kweli tupu. Akaenda kutoa gauni lake la bluu sandukuni. Mke ananishauri nilijaribu safari ndefu kwanza. Ya nini?

Ijumaa, 8 Machi

Mama anapiga pasi gauni kwa mara ya tatu.

Jumamosi, 9 Machi

Majuto ni mjukuu. Wangu amefika leo na mizigo yake yote.

Mama alikaa mbele, mkoba magotini. Aligusa kiti, akasema harufu bado ni ya baba yako. Dakika kumi na nane baadaye, likazima. Nikafungua boneti. Likawaka, likaenda hatua mia, likazima. Mara nne! Moshi ukaingia ndani na gauni la bluu likapata madoa. Mama hakulalamika. Angelalamika ningepumua. Aliuliza tu kama tutafika, na nikasema bado kidogo. Nilimwambia hivyo saa nzima, juani.

Shemeji akatokea, akasimama. Mama akaangalia saa, akaniangalia, akashuka. Nilitamani ardhi ipasuke. Akapanda kigari cha mboga bila kugeuka nyuma.

Fundi akaja baadaye. Shemeji ndiye aliyempigia simu. Hakugusa boneti. Alikwenda nyuma, akafungua kifuniko cha tangi, na tangi likavuta hewa, fyuuu, muda mrefu. Akakitazama kifuniko. Akasema kabureta haikuwa na kosa lolote. Tangi ndilo lilikuwa linakosa pumzi, na petroli haitoki pasipoingia hewa. Akauliza nani kaweka gundi. Nikakohoa.

Kisha akafungua kabureta na hapo ndipo akashika kichwa. Sasa kosa lipo. Vijitundu vimepanuka, vinamwaga petroli kupita kiasi, havifai. Ameing'oa na kuondoka nayo. Atairudisha na vipya Alhamisi.

Jioni shemeji akasimulia. Mama mdogo alitoka mbio bila viatu. Wakashikana mlangoni, wakalia, wakacheka, wakalia tena. Shemeji mwenyewe alilia, anasema. Mambo yale hutokea mara moja tu, na aliyeyaona ni yeye. Nimeumia, sifichi.

Jumapili, 10 Machi

Mama kaniita chumbani. Alisema gari kuharibika si aibu, hata kwa baba liliharibika. Aliniomba jambo moja: nisimwambie tena kitu ni kizima ilhali si kizima, maana alivaa gauni lile kwa neno langu. Machozi yalinitoka. Nikaapa. Akanishika kichwa kama mtoto.

Saa kumi mama mdogo akapiga simu. Jumanne anataka kuja kumtembelea dada yake, na shemeji amesema atamfuata. Shemeji tena! Nikamwambia asikubali, nitamfuata mimi, na gari la marehemu shemeji yake, yaani baba yangu. Alifurahi mno. Akauliza, lakini si lilizima jana? Nikasema hilo limekwisha, limepona kabisa, linanguruma hapa nje. Akasikiliza, akasema ee, analisikia.

Kilikuwa kigari cha mboga kinageuza getini. Sikumsahihisha.