Mama Yangu Yumo Tumboni mwa Samaki

Kwa Mkuu wa Maabara,

Salamu na heshima. Mimi ndiye mfugaji wa samaki mwenye mabwawa nyuma ya kiwanda cha matofali, na yule mtafiti wako mrefu mwenye miwani ndiye anayetaka kumwoa binti yangu. Alipokuja kujitambulisha tulimkirimu samaki, akala vizuri, kisha akaomba matumbo yaliyobaki jikoni. Tukampa. Tulidhani ana paka.

Kumbe aliyaleta kwako. Nimeelezwa kwamba mlivikuza kwenye visahani vijidudu vya mle tumboni, mkapima vinasaba vyao, mkakuta bakteria mmoja asiyefanana na yeyote anayejulikana. Hongereni. Kijana akampa jina la mchumba wake, akidhani anamfurahisha. Hapo ndipo roho inaponiuma, na sababu ni hizi:

1. Binti yangu ana jina la mama yangu mzazi, ambaye yu hai na analala chumba cha uani. Ndiyo maana tangu azaliwe namwita mama. Sasa huyo bakteria naye ni somo wa mama yangu, nami nisipomwita mama nitaonekana sina adabu.

2. Kila samaki wangu ana mama zangu wasiohesabika tumboni. Juzi nilishika kisu nimpasue mmoja mbele ya mteja, mkono ukagoma. Mteja akaenda zake kununua kuku.

3. Matumbo nilikuwa nayatupa jalalani bila wasiwasi. Siku hizi nayazika. Mke wangu ameniambia nisimwite tena kwenye mazishi hayo, ana nguo za kufua.

4. Nasikia mmemhifadhi kwenye jokofu lenye baridi kushinda barafu. Mheshimiwa, mama yangu ana baridi yabisi. Hata feni hataki iwashwe. Nani alimwomba ruhusa?

Kwa hiyo naomba jina lifutwe, na bakteria apewe la mama yake huyo kijana, ambaye sina ugomvi naye. Mpaka hapo, habari za harusi hakuna. Binti amejifungia chumbani, hataki kula, nami naumia kumsikia akilia, lakini mzazi ni mzazi.

Nisalimie wote hapo maabara, pamoja na mlinzi aliyenizuia getini. Ukifungua jokofu, mwamkie mama.

Wako mwenye majonzi,
Mfugaji

Nimesahau: Mama alidai asomewe barua kabla sijaifunga. Amesema jina libaki na harusi iko palepale, kwani tangu azaliwe hajawahi kupewa kitu ambacho hakijatumiwa na dada zake. Shali la sufu lililofungwa pamoja na barua hii ni la kumfunika somo wake. Binti ameshatoka, anakula. Mimi nimekubali. Ila bwawa ni langu, chakula cha samaki nanunua mimi, na sijaona popote nilipotajwa. Mleta barua ana ndoo ya samaki hai wa bwawa la pili. Wapasueni taratibu. Mkikuta mwingine asiye na jina, langu nimeliandika nyuma ya bahasha, kwa herufi kubwa.