Mkate Mweusi wa Dimma

Jumapili, 28 Septemba

Farasi wameshuka leo kutoka milimani. Wilaya nzima ilikuwa zizini, kila mtu akivuta wake, watu wakiimba, chupa zikizunguka. Mimi peke yangu nilikuwa mbioni, hatamu mkononi, nikimfukuza Dimma, farasi jike wa marehemu mke wangu. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili mbele ya wanakwaya wote wa kanisa letu.

Amekonda, jamani! Ana miaka ishirini na sita na magego yamekwisha. Anatafuna nyasi, kisha anazitema zikiwa madonge. Daktari wa mifugo kasema majira haya ya baridi ale vitu laini tu, kutoka mkononi, kila siku. Binti yangu Yrsa akanigeukia palepale: Baba, Jumamosi nakuja. Dimma akikufuata mwenyewe bila kukimbizwa, anabaki kwako. Akikataa, anahamia kwa Gunnsteinn.

Gunnsteinn! Jirani mwenye banda lenye taa na majivuno.

Tangu Sólrún afariki mwezi wa Machi, kitu chake chenye pumzi kilichobaki hapa ni huyu farasi. Akiondoka, nyumba itakuwa na mimi na redio. Haondoki.

Jumatatu, 29 Septemba

Nimenunua mjini biskuti za farasi. Pakiti imeandikwa "laini". Nikaionja moja mwenyewe, kwa uangalifu. Kizibo cha jino langu kimetoka! Nikaoka tufaha. Dimma akalinusa, akanigeuzia matako. Nikachemsha karoti. Matako tena.

Mara akapita Gunnsteinn. Hakuita, hakupiga hata mluzi. Dimma akamwendea moja kwa moja na kutia pua kwenye mfuko wa koti lake. Mkate mweusi! Ule tunaouzika na sufuria yake kwenye ardhi ya moto kando ya ziwa, uive kwa joto la chini. Akashangaa: kwani hukujua, Hallmar? Sólrún alikuwa akimpa kila asubuhi. Nikamwambia najua sana, nilikuwa namjaribu farasi.

Sikujua. Miaka arobaini na moja ya ndoa. Na tangu tumpate huyu farasi nikilalamika mkate unaisha upesi, nikimshuku Yrsa.

Jumanne, 30 Septemba

Nitaoka mwenyewe. Ugumu uko wapi? Nimetafuta vipimo vya Sólrún kila mahali. Hakuna karatasi, alikuwa navyo kichwani. Kwenye droo ya tatu nikakuta glavu zake. Nikaifunga droo.

Nimekoroga kwa makisio, sukari sikuionea huruma. Nimezika sufuria kwenye shimo letu. Halijafunguliwa tangu Sólrún augue, nyasi zilikuwa zimeanza kuota pembeni. Saa ishirini na nne tu, na Gunnsteinn atabaki ameshika mfuko wake.

Jumatano, 1 Oktoba

Balaa. Kumbe mfuniko hufungwa kwa kamba! Nani aliwahi kuniambia? Mvuke umeingia wote. Nimefukua uji wa rangi ya matope unaonuka mayai viza. Nikampelekea Dimma hivyo hivyo. Alikimbia. Bibi kizee asiye na meno, akakimbia!

Lakini akili ninayo. Shimo la Gunnsteinn liko hatua tano tu kutoka langu. Na kubadilishana si kuiba.

Alhamisi, 2 Oktoba

Ushindi! Gunnsteinn alipokuwa akikamua ng'ombe nilibadilisha sufuria. Yake nikaja nayo, uji wangu ukabaki kwake.

Mkate laini, mtamu, bado unatoa moshi. Nilisimama tu malishoni. Dimma akainua kichwa, akanusa hewa, akaja. Mwenyewe! Midomo yake ikapapasa kiganja changu taratibu, kama anatafuta mtu mwingine. Nikamwambia mtu huyo hayupo. Nikalia. Naandika kwa kuwa hakuna anayesoma humu.

Nimempa mkate wote. Sikubakisha hata chembe ya Jumamosi. Sikuweza kuacha.

Ijumaa, 3 Oktoba

Gunnsteinn amekuja na sufuria yangu. Kumbe alialika wanakwaya kwa kahawa, akaifungua mezani! Nikasubiri matusi. Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Kisha akaiweka sufuria chini. Akasema mwezi wa Februari Sólrún alimwita kitandani, akamfundisha vipimo vyake kwa ajili ya Dimma. Na akamwachia neno: Hallmar ataiba kabla ya kuomba, usimkasirikie. Gunnsteinn akasema mkate wa kesho upo. Sema tu, mzee mwenzangu, na kuoka nitakufundisha.

Nikamwambia bawaba za lango lake zinapiga kelele, azitie mafuta. Akaenda zake.

Kwa nini Sólrún hakunifundisha mimi? Nimekaa na swali hilo mpaka kahawa ikapoa. Nadhani ningemwambia najua. Upuuzi! Ningemsikiliza.

Jumamosi, 4 Oktoba

Alfajiri nilikwenda na beleshi, shimo la Gunnsteinn lilikuwa tupu. Mkate ulikuwa mfukoni mwake, naye amesimama langoni na Yrsa. Akanikunjulia kiganja, kipande hiki hapa: chukua basi, bwana. Yrsa akasema, Baba, chukua tu, tafadhali.

Nikasema mimi nina njia zangu. Nikatoa njia zangu: ndizi iliyopondwa na maziwa. Nikaita. Dimma alikuja, kweli alikuja. Akainusa ndizi, akanitazama, akanipita kuufuata mkate. Bega lake lilinigusa koti.

Yrsa ndiye aliyemvisha hatamu. Ile nyekundu, aliyoisuka mama yake. Nikasema mvua inakuja. Mvua haikuja. Nilisimama mpaka wakaingia bandani kwa Gunnsteinn, taa ikawashwa.

Malisho ni makubwa mno bila yeye. Sikulijua hilo nalo.

Jumapili, 5 Oktoba

Gunnsteinn alikwenda kanisani saa tano kasoro robo. Saa tano kamili nilikuwa na beleshi shimoni kwake.

Na sikiliza maajabu! Safari hii amezika sufuria mbili. Kubwa yake ya siku zote, na ndogo pembeni, karibu kabisa na upande wa shimo langu, kamba imefungwa vizuri, beleshi halikuhitaji hata kuzama. Masikini, akili zimeanza kumchoka. Hakumbuki tena amezika ngapi. Nimechukua ndogo na kusawazisha udongo vizuri sana.

Dimma alikuwa ameshafika kwenye uzio wa Gunnsteinn, ananisubiri. Nimemlisha kupitia waya, kipande kwa kipande, mpaka kengele ya kanisa ilipolia. Nikamnong'oneza avumilie, nina mpango kuhusu nguzo za uzio huu.

Jumapili ijayo nachukua tena. Gunnsteinn hatajua kamwe.