Kamera Ndani ya Ndengu

Jumatatu, 10 Februari

Shemeji Wavinya amekuja studio asubuhi. Chai amekataa. Ana ujumbe kutoka kwa Mbinya, binti yangu. Jumamosi anaruka na ubao wake wa magurudumu, kwenye uwanja wa vijana huko Mombasa, kando ya bahari. Amesema nikitaka kumwona, niende. Mwaka mmoja na miezi miwili hajanipigia simu, tangu tumzike mama yake.

Nimeuliza kama kuna lingine. Lipo. Niende bila kamera.

Bila kamera! Mimi Mutisya, niliyepiga nusu ya watu wa Kasikeu picha za pasipoti na nusu ile nyingine picha za mazishi. Nimemwambia Wavinya sawa, kamera itabaki kabatini. Ameniangalia. Ana macho ya dada yake, marehemu mke wangu, sikuweza kumtazama tena.

Mpango tayari ninao. Mbinya hajui anachokataa. Akijiona kwenye fremu, yuko hewani, bahari nyuma yake, picha imetoka safi, hasira itamwisha. Atarudi nyumbani Krismasi. Nyumba itakuwa na mtu.

Jumanne, 11 Februari

Tatizo dogo. Miaka thelathini na moja kazini, sijawahi kupiga picha ya mtu anayekwenda mbio. Wateja wangu wote hukaa kwenye kiti.

Nimefanya mazoezi na Sahal, mwana wa Abdinoor wa duka la vyakula. Mtu mzima, ana mke, lakini ana ubao na hajali watu watasema nini. Tulikwenda kwenye ile sakafu ya saruji sokoni, pale watu wanapoanika ndengu. Amekuja kasi. Nimelenga. Nikamwambia atulie, asitikisike. Mazoea. Sahal akatulia kama alivyoambiwa. Ubao haukutulia.

Amechubuka kiwiko. Amesema kwa upole kwamba kwa mchezo huu maneno hayo hayafai. Nimepata picha tatu: kiatu, sikio, na mawingu.

Gikonyo, mwenye studio ile ya ng'ambo ya barabara, alikuwa mlangoni pake anatafuna hindi. Amesema mbele ya watu kwamba picha za Mutisya ni nzuri sana kwa marehemu, kwa sababu hao hawana haraka. Wamecheka wote. Nimecheka pia. Halafu nimeingia nyuma ya pazia nikakaa kwenye kiti cha wateja mpaka macho yakakauka.

Alhamisi, 13 Februari

Wavinya amerudi kuhakikisha. Nimemuuliza kamera ya watu imemkosea nini Mbinya. Amesema mimi ndiye ninayejua.

Sijui. Siku ya mazishi ya mke wangu Katunge nilifanya kazi yangu. Nani angeifanya, Gikonyo? Jeneza likiwa nusu shimoni niliwaambia wanaume wasimamishe kamba kidogo, jua lilikuwa vibaya. Mbinya alikuwa analia, anatetemeka mwili mzima. Nilimwambia afute machozi kwanza, ainue uso, asitikisike. Akafanya hivyo. Picha ilitoka vizuri sana, hata pasta aliisifu.

Sikumwambia Mbinya jambo moja. Ningeshusha ile kamera siku ile, ningeanguka mle shimoni. Nilikuwa nimeishika kama mtu anavyoshika mti kwenye mafuriko. Mambo haya mtu anamwambiaje mtoto?

Ijumaa, 14 Februari

Nimefunga mzigo wa safari. Kiondo cha Katunge, kile kikapu chake kikubwa. Chini kamera, imefungwa kwa kitambaa. Juu ndengu kilo sita za shamba letu, zawadi kwa mtoto. Nani atamshuku baba aliyebeba ndengu?

Wavinya ameleta mayai ya kuchemsha ya njiani. Ameinua kiondo, akasema ndengu za mwaka huu ni nzito. Nimemwambia mvua ilikuwa nzuri.

Jumapili, 16 Februari

Nimerudi. Niandike kama ilivyokuwa.

Uwanja uko karibu na maji kabisa. Ni mabonde ya saruji, laini kama sakafu ya benki, na vijana wanapanda huku wanashukia kule. Mbinya alinijia mbio. Amekonda, amenyoa nywele, ana viatu vyenye matundu. Akaangalia mikono yangu yote miwili. Ilikuwa na kiondo tu. Akanikumbatia, akaweka kichwa chake hapa begani, akasema, “Baba, kumbe umekuja kweli.” Nilisikia harufu ya sabuni ile ile ya mama yake.

Alinipeleka kwenye ukingo wa bonde. Akasema nisimame hapo, nimwangalie kwa macho yangu. Anataka tu nimwone. Nimwone, basi.

Akapanda upande wa pili. Akanipungia mkono. Nilitaka kumwangalia, Mungu ni shahidi. Lakini mkono ukaingia ndani ya kiondo wenyewe.

Kamera ilitoka kwa nguvu. Kiondo kikapinduka. Sikukiona, jicho moja nilikuwa nimelifunga na lingine liko kwenye kamera. Nilisikia tu kama mvua ya mawe, ndengu kilo sita zinashuka bondeni. Mbinya alikuwa tayari hewani. Nikabonyeza.

Alitua juu ya ndengu.

Mkono umevunjika, wa kushoto, juu ya kiganja. Vijana walimbeba kwenye kliniki iliyo karibu. Hawakunitukana. Mmoja alinirudishia kiondo, alikuwa ameokota ndengu kidogo akazitia ndani. Heri wangenitukana.

Mtu wa eksirei alimwambia Mbinya atulie, asitikisike. Mbinya akageuka akanitazama mimi. Ndipo akalia, kilio cha mtu aliyekibana siku nyingi. Nilisimama ukutani. Mikono yangu ikiwa mitupu sijui niiweke wapi. Kamera ilikuwa shingoni, nikaishika hiyo.

Wakati wa kuondoka aliniuliza swali moja. Je, niliona alivyoruka? Nikamwambia picha ninayo. Akatikisa kichwa, akasema nisichelewe basi la kurudi.

Jumanne, 18 Februari

Nimeisafisha picha. Nimekaa nayo tangu asubuhi.

Imetoka. Ndiyo picha yangu ya kwanza ya mtu anayekwenda mbio na imetoka safi kuliko zote. Ubao uko chini ya miguu, bahari nyuma, hata matundu ya viatu yanaonekana. Na uso. Ananitazama mimi. Ameiona kamera. Ndengu bado hajaziona, kwa hiyo huzuni ile yote iliyo usoni si ya mkono.

Nimeitundika karibu na ile ya mazishi. Uso ni ule ule.

Gikonyo amevuka barabara kuja kucheka. Amesimama mbele yake, akavua kofia, akaondoka bila kucheka. Wivu.

Wavinya amepita. Amesema Mbinya atafungwa plasta wiki sita, na nisimpigie, yeye atapiga akiwa tayari. Hakusema lini. Akaiangalia picha, akasema akili nyingi huondoa maarifa. Nafikiri alikuwa anamsema Gikonyo.

Nimelala kidogo mchana nikaamka na jibu. Kosa langu ni moja, na ni dogo. Ndengu ni za mviringo, zinabingirika. Jioni nimekwenda kwa Abdinoor nikanunua unga wa mahindi, kilo sita. Unga haubingiriki. Nimeujaribu kwenye kiondo, unafunika kamera vizuri kabisa.

Kiondo nimekiweka hapo mlangoni, kimejaa, karibu na viatu vyangu. Simu iko mezani. Akiita tu, nitoke.