Rejeta za Gari Jekundu

Jumatatu, 14 Septemba 1998

Ifahamike kwa mtaa wote wa Igogo, walio nchi kavu na walio majini, kwamba leo mimi, Luhaga, nimekalia kiti cha gari lisilo na paa. Kiti cha dereva! Gari ni jekundu, la viti viwili, limetoka Dubai. Mwenyewe ni binamu yangu Masele, muuza sangara. Tangu biashara ifunguliwe nchini, mimi nimefungua kibanda cha soda. Masele amefungua mlango wa gari la mbio.

Amekubali limbebe binti yangu Selina siku ya arusi, Jumamosi hii, kutoka hapa hadi kanisani Buswelu. Dereva mimi. Tatizo moja dogo: linachemka. Rejeta zimezibwa na uchafu, zisafishwe kwanza. Masele alitaka lipelekwe kwa fundi. Nikamuuliza fundi wa nini, na mimi niliendesha trekta la kiwanda cha pamba?

Jioni nimeitangazia kamati ya arusi: Pijo ya jirani yangu Otuoma, iliyobeba kila bibi arusi wa mtaa huu, imestaafishwa kwa heshima. Otuoma akanywa chai yake taratibu. Akasema sawa, Baba Selina, ila ataijaza mafuta hata hivyo. Wivu! Selina akasema yeye anataka kufika tu. Mtoto hajui ukubwa wa jambo.

Jumanne, 15 Septemba

Nimefungua boneti. Hamna injini!

Nikapiga yowe la mwizi. Mtaa ukajaa marungu. Masele akaja mbio, taulo kiunoni. Kumbe injini ya gari hili inakaa nyuma. Mbele kuna rejeta tu, moja kila upande, ndani ya matundu mawili kama pua za kiboko. Sasa nani anaweka injini matakoni? Watu wakarudi na marungu yao, wengine wakionekana kusikitika kabisa.

Nikachungulia kwa tochi. Jamani! Wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi: Masele kawapitia kwa kasi, wakajaa humo na kukauka kama ukoko wa ugali. Na majani. Na magamba ya samaki. Na nusu ya mfuko wa plastiki.

Nikaingiza njiti za ufagio. Zikavunjikia humo humo. Kwa hiyo sasa kuna wadudu, majani, magamba, mfuko na ufagio. Mke wangu Dorotea ameuulizia ufagio wake. Nimemjibu uko kazini.

Jumatano, 16 Septemba

Akili imenijia nikipiga mswaki. Kuku! Wadudu wale ndio pilau ya kuku wa Igogo. Wakidondoka chini ya taa usiku, asubuhi hukuti hata bawa. Kwa nini nihangaike, na wafanyakazi ninao uani?

Nikawaswaga kuku wote wa Dorotea hadi mbele ya gari. Wakalitazama. Wakaenda zao. Tetea mweupe peke yake alionyesha moyo wa kazi: akajisukuma ndani ya tundu la kushoto, mzima mzima. Nikampongeza. Akakaa. Akazidi kukaa. Otuoma akapita, akauliza kwa upole kama gari linaatamia au linasafishwa.

Mchana tetea akatoka anatangaza kwa kelele. Nyuma yake, yai. Wadudu wako pale pale.

Dorotea ndipo ananiambia kuku walikuwa wameshakula pumba na mabaki ya wali. Yaani hujuma, nyumbani kwangu mwenyewe.

Ijumaa, 18 Septemba

Jana nilipumzisha akili. Leo nimerudi kwenye desturi. Huku kwetu gari husafishwa ziwani, nani asiyejua? Unaingiza magurudumu ya mbele majini, wimbi linafanya kazi, wewe unapiga soga. Malori yanaoga pale. Pijo ya Otuoma inaoga pale.

Nikaliingiza gari jekundu. Sasa, lori tumbo lake liko juu. Hili tumbo liko chini kama la mamba. Pua ikazama. Magurudumu yakachimba mchanga. Halafu upepo ukageuka na kuniletea magugu maji, kisiwa kizima, na maua yake. Nikafungwa pande zote.

Wanawake walioanika dagaa wakaacha kazi. Mmoja wao, Odeta, akaniamkia vizuri, shikamoo baba. Nikamwitikia marahaba. Kisha akauliza kama naenda Kamanga, ng'ambo ya ziwa, maana kivuko kiko upande ule.

Otuoma akaja na Pijo na kamba, akanivuta. Kamba kaiacha kwenye gari letu, ati inaweza kufaa. Nikang'oa magugu yote niliyoyafikia kwa mkono. Matundu sasa yanang'aa! Nimemwambia Masele rejeta ni mpya.

Jumamosi, 19 Septemba

USHINDI! Selina kaingia Buswelu ndani ya gari jekundu. Vigelegele hadi juu ya mawe ya kilimani. Kwaya imetoka nje kulitazama. Otuoma na Pijo yake walikuwepo pia, mbele kidogo.

Jumapili, 20 Septemba

Nimesoma ya jana. Yote ni kweli, ila si kweli yote. Niandike ilivyokuwa.

Kabla ya nusu ya mwinuko wa Buswelu, mshale wa joto ukalala kwenye nyekundu. Moshi. Nikasimama. Kwenye tundu la kulia nikavuta mzizi wa gugu maji, ukaja kama utumbo, na chura juu yake. Chura mzima, mwenye afya! Nyuma yake tope, limeokwa na joto. Huko kanisani bwana arusi, Venant, anatoka jasho, mchungaji anaangalia saa.

Otuoma, aliyekuwa akitufuata nyuma, akasimamisha Pijo, akafungua mlango wa nyuma, akapangusa kiti. Selina akashuka na shela lake. Mimi nikabaki nimeshika mzizi. Sijui uso wangu ulikuwaje. Selina akautazama, akafunga mlango wa Pijo, akarudi kukaa pembeni yangu. Akasema, "Baba, nilisema nataka kufika tu. Sikusema nifike na nani. Funga kamba, twende."

Tukafunga kamba. Tumeingia uani kwa kanisa tukiburutwa, injini imezimwa, mimi nikishika usukani kwa heshima zote. Wa Buswelu wakadhani ndiyo mtindo wa mjini. Wakapiga vigelegele. Otuoma akapiga honi. Hakumwambia mtu hata mmoja, na hilo ndilo linaloniuma.

Nimlipeje mtu kama huyo? Binti yake Agutu anaolewa Desemba. Leo baada ya ibada nimemwahidi gari jekundu. Akashika kichwa kwa furaha.

Masele anasema safari hii ni kwa fundi, bampa ifunguliwe, basi. Nimemwambia asinitanie. Kosa nimeshaliona, na ni dogo mno: kuku walikuwa wameshiba. Desemba nitawafungia tangu jioni, hata punje wasione.