Mwiko wa Mkulo

Jumapili, 23 Juni 1974

Leo nimesema uongo kanisani. Si ndani hasa. Nje, kwenye ngazi, lakini Mchungaji alikuwa bado hajavua joho.

Ilianza na Mwalimu Fanueli. Anafundisha darasa la nne, anaongoza kwaya yetu, na jioni huchonga vitu vya mti kwa kujifurahisha. Kujifurahisha tu! Safari hii amechonga kigoda chenye maua ya kahawa pembeni, ili mgeni rasmi wa Sabasaba akikalie. Watu wakakizunguka. Dorkasi akakipapasa, akaondoka, akarudi kukipapasa tena. Niliona.

Dorkasi ndiye ninayetaka kumwoa. Baba yake, Mzee Abrahamu, ni mzee wa kanisa, na amesema posa yangu ataijibu baada ya Sabasaba, akishaona mimi ni mtu wa namna gani. Mama yake ndiye mkuu wa jiko la kijiji. Pale pale Mama Dorkasi akalalamika kwamba mwiko mkubwa wa kijiji umevunjika, na sikukuu hiyo inakuja. Nikasikia mtu akisema hilo ni jambo dogo, yeye amechonga tangu utotoni. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Mimi ni muuza duka la ushirika. Kitu pekee nilichowahi kuchonga ni penseli.

Jumatatu, 24 Juni

Sina vifaa. Nimekwenda kwa Fanueli kuazima tezo na patasi. Nikasema vyangu viko Soni kwa mjomba. Sina mjomba Soni.

Akanipa bila kuuliza. Hilo lilinichoma zaidi. Halafu akaanza kunifundisha: nitazame nyuzi za mti zinaelekea wapi, nichonge kwa kuzifuata, nisishindane nazo. Mti mbichi ukaushwe kivulini, ncha zake zipakwe nta, usubiriwe miezi. Nikawa namwambia najua, mwalimu, najua. Miezi! Sabasaba ni wiki mbili zijazo.

Nimekata tawi nene la mpeasi nyuma ya duka. Bichi kabisa, linatoa maji. Jioni nimechonga kwa kushindana na nyuzi. Nyuzi zimeshinda.

Ijumaa, 28 Juni

Mwiko umekwisha. Unafanana na jembe lililochoka, lakini ni mwiko. Nimeuning'iniza juu ya moto ukauke upesi. Mwalimu na kivuli chake!

Saa nne asubuhi, pa! Nikadhani ni chupa ya mafuta ya taa. Umepasuka kutoka kichwani hadi katikati ya mpini. Nikaziba ufa kwa nta ya mshumaa, na nta ikayeyukia motoni.

Wakati huo huo Dorkasi akaingia dukani kununua chumvi, akauona kupitia mlango wa nyuma. Akauliza kama ndio ule wa mama yake. Nikasema huo ni wa jirani, mtu asiyejua kazi. Akaushika, akaugeuza. Akasema yeye anaupenda, ungefaa sufuria ndogo ya nyumbani, ufa si kitu. Nikamnyang'anya nikautupa motoni, nikaeleza kwamba fundi wa kweli hawezi kuvumilia kazi mbovu ya wenzake.

Akanitazama. Akaondoka, chumvi akaisahau mezani. Uso wangu ulikuwa wa moto na haukuwa moto wa jiko. Mjinga mimi!

Alhamisi, 4 Julai

Zimebaki siku tatu tu. Nahitaji ubao mnene uliokwisha kukauka. Nani anao ubao wa namna hiyo?

Kanisa linao.

Mimi ndiye mtunza majoho ya kwaya, kwa sababu naimba besi ya chini sana, hainisumbui mimi wala mtu mwingine. Majoho hulala katika sanduku la mkulo la zamani, lenye mbao za unene wa vidole viwili. Mti ule una harufu kali kama dawa ya kuchua kifua. Ndiyo maana nondo hawali majoho yetu. Nikasimama mbele ya sanduku baada ya mazoezi, wenzangu wamekwishaondoka, na wazo likanijia: kama mdudu hagusi nguo, hatagusa mwiko pia. Mwiko usioliwa na bungua milele! Hata Fanueli hakulifikiria hilo.

Nimeng'oa ubao wa chini. Nimeweka badala yake kipande cha boksi la sabuni kutoka dukani. Niliomba msamaha kabla ya kung'oa, ili isiwe kazi baadaye.

Sijisikii vizuri. Lakini ubao ni mzuri sana.

Jumamosi, 6 Julai

Nimechonga vizuri! Nasema kweli, shajara ni shahidi. Nimefuata nyuzi. Nimesugua kwa majani ya msasa mpaka mwiko ukateleza kama sabuni. Chumba kizima kinanukia kama Jumapili.

Nimeupeleka kwa Mama Dorkasi. Nikaamkia shikamoo kwa adabu zote. Ana mafua makubwa, na baridi hii ya Julai haimpi nafasi. Akaupeleka puani, hakusikia kitu. Akauliza mti gani. Nikasema mti wa mbali, wa Zirai. Akaniita mwanangu. Mzee Abrahamu akanishika bega, akasema kumbe mgosi huyu ana mikono. Dorkasi akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya chumvi.

Nilitakiwa kufurahi. Nimeshindwa kula.

Jumapili, 7 Julai. Sabasaba

Naandika nikiwa nimejifungia.

Makande ya kijiji kizima yalipikwa tangu alfajiri, yakikorogwa kwa mwiko wangu katika sufuria inayochemka. Ibada ikaisha, kwaya tukatoka na majoho yetu, tukapewa sahani. Mgeni rasmi, amekalia kigoda cha Fanueli, akatia kijiko cha kwanza mdomoni akafumba macho. Nikadhani ni utamu.

Kisha dada mmoja wa sauti ya kwanza akanusa kijiko chake. Akanusa mkono wa joho lake. Akanusa kijiko tena. Jirani yake akafanya vivyo hivyo. Muda si muda kwaya nzima ilikuwa inajinusa mikono. Fanueli akasema polepole kwamba haya makande yananuka sisi.

Na Mama Dorkasi, na mafua yake, hakuelewa. Watu walikuwa wanatema pembeni. Akasimama mbele ya mgeni akiapa kwamba sufuria ameisugua kwa majivu kwa mikono yake, maharage ameyachambua mwenyewe, hajui kumetokea nini. Akalia. Mwanamke mzima, mbele ya kijiji, akijifuta kwa khanga. Na mimi nimesimama hapo na sahani yangu. Nilikuwa natafuna!

Wanakwaya wawili wakaenda kanisani kulitazama sanduku la majoho, wakalinyanyua. Chini likafunguka. Vitabu vya nyimbo vikamwagika sakafuni, na juu yake boksi la sabuni lenye jina la duka letu. Wakaja nalo mpaka uwanjani.

Mgeni rasmi alikula ndizi mbivu akaondoka mapema. Natamani ardhi ingepasuka. Haikupasuka, iko imara sana huku milimani.

Jumatatu, 8 Julai

Nimefungua duka. Watoto wakipita wananusa hewa kwa nguvu. Nimemwamkia Mzee Abrahamu njiani, akajibu marahaba, lakini aliielekeza kwenye ukungu.

Mchana Dorkasi akaja. Nilidhani amefuata chumvi yake. Akasema makande hayamuumi, na sanduku litatengenezwa. Kinachomuuma ni kwamba mama yake alilia na mimi nilikuwa nakula. Akasema pia kwamba mwiko ule wa mpeasi aliujua ni wangu, na alikuwa ameupenda kwa sababu hiyo.

Kisha akaniambia jambo. Alhamisi baba yake ataniita, ataniuliza mbele ya watu kama najua kuchonga. Nijibu hapana. Neno moja. Nikilisema, yeye atamwambia baba yake kwamba ananikubali, na mzee hatakataa.

Nimeapa. Alipoondoka nimelia nyuma ya magunia ya sukari. Sistahili mwanamke huyu. Nimeachana kabisa na uongo, leo na siku zote.

Alhamisi, 11 Julai

Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi. Hapana, mzee. Hapana, mzee. Mbuzi wa watu wamenisikia.

Kwanza nikamwomba radhi Mama Dorkasi. Nilipiga magoti na machozi yalikuwa ya kweli. Akaninyanyua, akanipa chai. Halafu Mzee Abrahamu akauliza, kwa upole, bila hasira hata chembe, kama kweli mimi najua kuchonga. Dorkasi kasimama kwenye mlango wa jikoni, ananitazama usoni.

Nikafungua mdomo. "Ha" ilikuwa imekwishatoka.

Lakini Fanueli naye alikuwa amekaribishwa. Alikuwa ameketi pembeni na futi yake, amekwishapima sanduku, tayari kulitengeneza bure. Na alinitazama kwa huruma. Kwa huruma!

Nikasema: "Haina shida, mzee. Nitatia ubao mpya, na kifuniko nitakitia nakshi. Malaika watatu na tarumbeta."

Mzee Abrahamu akasema haya. Fanueli akakunja futi yake. Dorkasi akaufunga mlango wa jikoni, taratibu, mpaka kitasa kikalia.

Nadhani maneno ya malaika yamemgusa. Posa haikutajwa, hivyo hawajakataa. Sasa nahitaji ubao mkavu. Mlango wa nyuma wa ofisi ya kijiji ni wa mvule, haufungwi mwaka mzima, na kesho watu wote watakuwa shamba la ujamaa.